Pedeli ya breki ilizama tukishuka Mombo, kisha ikarudi yenyewe: je, gari limepona?

SWALI

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lushoto. Miaka miwili iliyopita nilinunua Toyota Carina ya mwaka 1999, ya otomatiki, kutoka mkononi kwa mtu wa Korogwe, kwa shilingi 5,500,000 nilizokopa kwa dhamana ya mshahara, na mkopo huo bado naulipa. Ndilo gari ninalompelekea mama yangu kliniki kila mwezi, na siku za soko hunishushia karoti na kabichi za shambani hadi Mombo.

Mwezi uliopita tulikuwa tukishuka Mombo, watu watano na magunia mawili ya karoti kwenye buti. Tulipokwisha kuipita Soni nilianza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, na muda mfupi baadaye pedeli ya breki ikawa laini, ikazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Niliikanyaga mara nyingi kama anayeshona kwa cherehani, nikavuta breki ya mkono, nikalisogeza gari upande wa mlima mpaka likaegemea ukingo wa udongo na kusimama. Hakuna aliyeumia, ila taa moja na kioo cha pembeni vilivunjika. Vijana waliokuja kutusaidia waliyamwagia maji magurudumu ya mbele, yakatoa mvuke mwingi. Baada ya muda wa saa moja hivi nilijaribu tena pedeli, nikaikuta imerudi kuwa ngumu kama kawaida, tukaendelea taratibu hadi Mombo.

Gari letu hutengenezwa na kijana wa hapahapa ambaye ni mtoto wa shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Yeye anasema breki zilipata moto tu, na kwa kuwa zimerudi hakuna tatizo. Mimi moyo wangu haujatulia, kwa sababu yapo mambo mengine. Mafuta ya breki hupungua kila mwezi, naye huyaongeza. Siku moja dukani hayakuwapo, akaongeza kidogo mafuta ya usukani yaliyokuwa yamebaki kwenye chupa, akaniambia kwamba yote ni haidroliki. Tairi la nyuma la kushoto lina unyevu wa mafuta kwa upande wa ndani. Tangu siku ile ya Soni, nikisimama kwenye kizuizi cha mazao huku nimekanyaga breki, pedeli hushuka polepole chini ya mguu wangu, na nikishika breki nikiwa kwenye mwendo usukani hutetemeka. Pedi za mbele zilibadilishwa miezi mitatu iliyopita, na kijana anashauri zibadilishwe tena.

Mume wangu yuko kazini Dar es Salaam, na kwa simu ananiambia nimwache kijana amalize kazi yake, kwa kuwa kulipeleka gari kwa fundi mwingine kutaonekana kuwa ni kumdharau. Mwalimu mwenzangu ananihimiza niliuze upesi, na mnunuzi ameshanitafutia. Je, gari hili limekwisha? Na huyu kijana nimfanyeje bila kuleta maneno katika ukoo?

Mwalimu, Lushoto

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na poleni sana kwa yaliyowapata. Uamuzi wako wa kulisogeza gari upande wa mlima badala ya kuendelea kupambana nalo katikati ya barabara ndio uliowaokoa, na nataka ulijue hilo kabla sijaanza kulaumu chochote.

Gari lako halijakwisha, lakini breki zake hazijapona, na kwa sasa lisishuke tena mlima hata likiwa tupu. Mama apelekwe kliniki kwa basi mpaka kazi itakapokamilika. Nasema hivi kwa sababu katika barua yako naona hitilafu tatu zilizopandana, na huenda kuna ya nne iliyo kubwa kuliko zote, ambayo wewe umeitaja kwa sentensi moja tu.

Nianze na siku yenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilometa 33, na katika umbali huo barabara huteremka karibu meta 1,000. Gari lenu, likiwa na watu watano na magunia mawili, lilikaribia kilo 1,500. Uzito huo ukishuka kimo hicho huachia nishati ambayo ingetosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, tairi na injini, lakini dereva anayeshuka akiwa kwenye D huku mguu haubanduki kwenye breki huilundika karibu yote kwenye diski na pedi, hasa za mbele. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa ya pedi. Kilichofuata, yaani pedeli kuwa laini na kuzama, hakikutokana na pedi. Zingekuwa pedi peke yake zilizoshindwa na moto, pedeli ingebaki ngumu chini ya mguu wako, ila gari lisingepungua mwendo. Pedeli inapozama wakati breki zina joto kali, maana yake ni kwamba mafuta ya breki yamechemka.

Mafuta ya breki hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakibanwi: unavyosukuma huku ndivyo kinavyosukuma kule. Mvuke, kinyume chake, hubanwa. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, hutoa mapovu ya mvuke, na nguvu yote ya mguu wako huishia kuyabana mapovu hayo badala ya kuzibana pedi. Breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na pedeli hurudi juu kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana kijana wako alipoijaribu gereji aliiona nzima. Hakudanganya, ila aliipima breki ikiwa imepoa, wakati ugonjwa wake hujitokeza ikiwa na moto.

Kwa nini yachemke, wakati magari mengi hushuka barabara hiyo kila siku? Mafuta ya breki ya kawaida, aina za DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya jikoni inavyonyonya msimu wa masika. Yakiwa mapya, DOT 3 hutakiwa isichemke kabla ya kufika nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia tatu na ushee tu, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Hunielezi kama mafuta yaliwahi kubadilishwa yote tangu ununue gari, unaeleza tu kwamba huongezwa. Kuongeza si kubadilisha. Yaliyo ndani ya kalipa hubaki kuwa yaleyale ya zamani, tena chupa iliyofunguliwa na kuwekwa rafuni miezi sita imekwisha kunyonya unyevu wake kabla hata haijafika kwenye gari. Yanapaswa kutolewa yote na kuwekwa mapya kila baada ya miaka miwili. Hata stika ya Nenda kwa Usalama, kama unayo kwenye kioo, haiwezi kukuambia hali ya mafuta hayo.

Sasa pedeli inayoshuka polepole ukiwa umesimama kwenye kizuizi. Ndani ya masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedeli, mna raba zinazozuia mafuta yasirudi nyuma unapokanyaga. Zikilika, mafuta hupita pembeni mwake na pedeli huzama bila tone hata moja kuonekana nje. Umesema jambo hili lilianza baada ya siku ile, na hilo halinishangazi. Kwa miaka mingi raba hizo zilikuwa zikisafiri sehemu moja tu ya silinda, ile ya mwanzo, na sehemu ya mwisho ikabaki na kutu na uchafu. Siku ulipokanyaga mpaka chini mara nyingi, raba zilipitishwa kwenye kutu hiyo zikakwaruzika. Usijilaumu, kwa kuwa hukuwa na njia nyingine. Wanaopaswa kulaumiwa ni mafundi wanaofanya hivyo gereji wakati wa kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, wakimwamuru msaidizi akanyage mpaka sakafuni. Fundi makini huweka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike mwisho.

Unyevu wa tairi la nyuma la kushoto ni hitilafu ya tatu. Gari lako kwa nyuma hutumia dramu, na ndani ya kila dramu mna silinda ndogo ambayo mafundi huiita wili silinda. Hiyo ya kushoto inavuja. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Kiwango hushuka kidogokidogo pedi zinapolika, au hushuka kwa sababu yanavuja, na pedi zenye miezi mitatu haziwezi kumaliza mafuta kila mwezi. Brekishu (zile pedi za ndani ya dramu) zilizolowa mafuta zitupwe. Usikubali zioshwe kwa petroli na kupigwa msasa, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kuingia ndani yake hutoka tena pindi zinapopata moto. Brekishu zibadilishwe magurudumu yote mawili ya nyuma, na wili silinda vilevile, hata kama ya kulia haijaanza kuvuja.

Usukani unaotetemeka ni matokeo ya yale maji. Chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji ya baridi hupinda, na wakati mwingine hupasuka. Diski zipimwe unene. Mara nyingi kiwango cha chini kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa bado nene na hazina ufa zinaweza kuchongwa zikae sawa, vinginevyo zinunuliwe mbili kwa pamoja. Pedi mpya juu ya diski zilizopinda ni fedha uliyoitupa, na kwa hiyo pendekezo la kijana la kubadilisha pedi peke yake silikubali, ingawa pedi hizo nazo zimeungua na itabidi zitoke.

Nafika kwenye ile sentensi yako moja. Mafuta ya usukani na mafuta ya breki si kitu kimoja, hata kama sote gereji huyaita haidroliki. Raba za mfumo wa breki zimetengenezwa zikae na mafuta ya aina ya DOT tu. Zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli ghafi, kama yale ya usukani au oili ya injini, huvimba, hulainika na kupoteza umbo lake. Hazifi siku hiyohiyo. Huanza na kifuniko cha kikopo cha mafuta, zikafuata za masta silinda, kisha mipira ya breki, na mwisho kalipa na wili silinda, kadiri mafuta yanavyosambaa. Kiasi kidogo kinatosha. Nakiri kwamba nami nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kuosha raba za breki kwa petroli nikidhani nazisafisha. Asubuhi yake nilizikuta zimevimba hata haziingii mahali pake, na aliyekuwa akinifundisha hakunipiga wala kunitukana, alinikabidhi tu raba hizo nimwoneshe mwenye gari.

Hili unaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kilicho karibu na ukuta wa nyuma wa injini upande wa dereva, baada ya kupangusa vumbi lake vizuri. Itazame raba iliyomo ndani ya kifuniko: ikiwa imevimba, imejikunja mawimbi au haikai tena vizuri mahali pake, mafuta yasiyo yake yamo. Kisha chota mafuta kidogo kwa bomba safi la sindano, uyatie kwenye maji ndani ya kikombe ambacho hakitatumika tena kwa chai, maana mafuta haya ni sumu, na yakidondokea rangi ya gari huibabua. Koroga, uache dakika kumi. Mafuta halisi ya breki huchanganyika na maji yakapotea. Ukiona utando au matone yanaelea juu, au rangi nyekundu kama ya mafuta ya usukani, basi mfumo umeingiliwa.

Maji yakibaki safi, kazi ni hii: masta silinda mpya au raba zake, wili silinda mbili, brekishu, diski na pedi za mbele, mipira ya breki ambayo kwa gari la umri huu sitaki kuamini kwamba bado ni mizima, na mafuta yote mapya. Utando ukielea, orodha inarefuka: kila chenye raba kinabadilishwa, raba za kalipa zikiwemo, mabomba ya chuma yanasafishwa kwa spiriti na kupulizwa yakauke, na kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), kifaa chake nacho kichunguzwe na fundi anayekijua. Hapo ndipo utakapojua kama matengenezo yanalingana na thamani ya gari. Masta silinda ikifunguliwa, fundi akuoneshe ndani kwa tochi. Palipo na michubuko, raba mpya hazitasaidia. Vilevile nakusihi usinunue kifaa cha mtumba kwa chochote chenye raba. Mlango, taa na kioo vya mtumba ni sawa, lakini raba iliyotumika miaka ishirini kwenye gari la mwingine haiwi mpya kwa kuvuka bahari.

Kuhusu kijana, mume wako ana hoja, ila ameigeuza kichwa chini. Mtoto wa shemeji yako ni mwanao, na mama hukanya. Kumficha na kulipeleka gari kwingine usiku ndiko kutakakoleta maneno. Mwite nyumbani, umfanyie kile kipimo cha kikombe mbele ya macho yake bila kumhukumu, umwache aone mwenyewe. Kisha mwambie kwamba unamleta fundi wa breki kutoka Korogwe au Tanga aje Lushoto, na kwamba ungependa wafanye kazi pamoja, yeye akiwa mkono wa pili na akilipwa siku zake. Fundi ndiye apande mlima kulifuata gari; likilazimika kushuka, lishuke juu ya lori. Waambie pia wakuachie kila kifaa kilichotolewa. Mume wako mpigie baada ya kuzungumza na kijana, si kabla, akute jambo limeshapangwa na kijana mwenyewe yumo.

Mnunuzi aliyetafutwa na mwenzako sitaki ajaribiwe. Gari unaweza kuliuza, ni mali yako, lakini ukiliuza hivi lilivyo, mwambie kwa mdomo na kwa maandishi kwamba breki zake hazifai kushuka mlima, na bei iendane na hilo. Mtu huyo huenda atashuka Mombo siku hiyohiyo aliyolilipia.

Kazi ikikamilika, lijaribu kwanza kwenye tambarare. Kanyaga pedeli kwa nguvu injini ikiwa inanguruma, hesabu dakika moja. Isizame hata kidogo. Halafu zima injini, kanyaga mara tano mpaka pedeli iwe ngumu, endelea kuibana, uwashe injini. Hapo itashuka kidogo chini ya mguu, na usishtuke, kwa sababu hiyo ni busta inayosaidia mguu wako, na isiposhuka ndipo pana tatizo.

Utakaporudi barabarani, badilisha namna ya kushuka. Kabla mteremko haujaanza, bonyeza kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa, ya mwendo kasi) kwenye rungu la gia ili kuizima, na penye mteremko mkali weka 2, injini ilizuie gari. Breki ishikwe kwa nguvu kwa muda mfupi, iachiwe kabisa ipoe, ishikwe tena. Usiende ukiipapasa njia nzima. Usishuke gari likiwa frii kwa kudhani unaokoa mafuta, kwa maana injini ya aina ya gari lako hukata petroli yenyewe inaposhuka ikiwa kwenye gia, ilhali kwenye frii huendelea kunywa. Ukisikia tena ile harufu, simama mahali tambarare, subiri nusu saa, na maji wanywe abiria. Breki ya mkono ilikusaidia siku ile kwa kuwa inavutwa na waya na haitegemei mafuta, basi mwambie fundi aikaze waya huo akiwa bado ameyafungua magurudumu ya nyuma.

Fanya kipimo cha kikombe wiki hii, kabla hujamwita fundi yeyote, uniandikie kama mafuta yamepotea kwenye maji au yameelea. Nitakuandalia orodha ya vifaa kulingana na jibu hilo, ili uende dukani ukijua cha kuulizia.